Kitanda namba 3: shajara ya mradi wa kufundisha wauguzi kwa uigaji

Wiki ya 1

Naanza kuandika kwa sababu ya namba moja: 28. Mwezi uliopita nilikuwa wodini na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayezunguka vitanda kuchukua vipimo. Mkono wake mzuri. Alifunga kitambaa cha presha bila kuhangaika, akahesabu pumzi dakika nzima macho kwenye saa, hakufanya kama wale wanaoandika 20 kila kitanda. Akaandika 28 kwenye chati, kwa mwandiko unaosomeka, akahamia kitanda kinachofuata.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwenye jedwali la NEWS2, lile la Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza la kumtambua mgonjwa anayezidiwa, pumzi 25 na kuendelea zina alama 3, na alama 3 kwenye kipimo kimoja tu inatosha kuita mtu aje haraka. Mwanafunzi huyu jedwali analijua. Kwenye mtihani alilijibu lote. Nilipomvuta pembeni nikamuuliza, "Pale kitanda ulichotoka, umeona nini?" alinijibu kwa adabu kabisa: "Vipimo vimekamilika, mwalimu."

Mkufunzi mwenzangu aliposikia akasema mkono tumeufundisha, jicho bado. Mradi umezaliwa hapo.

Mpango wenyewe ni mdogo. Wanafunzi 24, makundi 6 ya watu wanne wanne, wiki 8. Kila kundi linaingia kwenye chumba cha vitendo, linapokea mgonjwa wa kubuni, linamhudumia dakika 15 bila kusaidiwa, kisha tunakaa kuzungumza kilichotokea. Ndiyo uigaji, hakuna uchawi. Mgonjwa wetu ni mdoli wa zamani wa kitanda namba 3. Kifua chake hakipandi, mkono wa kushoto umeshachomwa sindano hadi umekuwa kama chujio, na sauti yake ni yangu, natokea nyuma ya pazia na kipaza sauti kidogo kilichofichwa chini ya mto. Vipimo tunavionyesha kwenye simu iliyoegeshwa kando ya kitanda.

Kuna midoli ya kisasa inayotoa jasho, inayokohoa, ambayo mboni za macho yake husinyaa ukimulika tochi. Hatuna, na sioni haya. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali moja kule Hartford, Marekani, ilianza kutumia mdoli wa ukubwa wa mtu aliyeitwa Mrs. Chase, ametengenezwa na Martha Jenkins Chase, mama aliyekuwa akitengeneza midoli ya watoto. Wanafunzi walimgeuza, walimvisha, walimnyanyua. Mdoli wa kufundishia kufufua moyo na pumzi, Resusci Anne wa mwaka 1960, naye alitoka kwa Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Norway. Kwa hiyo fani yetu yote imetokea kwenye sanduku la michezo ya watoto. Nawakumbusha hivyo wanaosema "mnacheza na midoli".

Wiki ya 2

Kuandika kisa cha kwanza. Mgonjwa ana miaka 58, ana kisukari, amechomwa insulini asubuhi, halafu akaambiwa asile kwa sababu anasubiri kipimo, na kipimo kimecheleweshwa. Sasa anatoka jasho, mikono inatetemeka, anajibu kwa hasira na maneno yanaanza kupishana. Sukari yake ya damu 2.6 (milimoli kwa lita), chini mno. Tunachotaka waone ni kwamba huyu si mgonjwa mkorofi bali ni mtu ambaye ubongo wake umekosa chakula. Tunachotaka wafanye: wapime, waangalie kama anameza salama, wampe gramu 15 za sukari inayonyonywa haraka, warudie kupima baada ya dakika 15. Akiwa hamezi, iende kwenye mshipa.

Tukajaribu wenyewe kwanza. Jasho tulilitengeneza kwa kumnyunyizia maji usoni. Maji yakateremka hadi kwenye kipaza sauti, na mgonjwa wetu akaanza kutoa sauti ya chura. Jaribio likavunjika kwa kicheko. Kuanzia leo jasho ni mafuta ya kupaka, tone dogo kwenye paji la uso.

Wiki ya 3

Makundi yote 6 yamepita. Na makundi yote 6 yalipima sukari ndani ya dakika mbili za mwanzo! Nilikuwa nyuma ya pazia nikijipongeza. Tulipokaa kuzungumza na kundi la mwisho nikawauliza kwa furaha yote niliyokuwa nayo, "Niambieni, mlijuaje mapema hivyo?"

Wakatazamana. Mmoja, kijana mpole ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe mara mbili, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Mwalimu, kwenye ratiba pale nje mmeandika Kisa cha 1, sukari kushuka."

Nilitoka nikaisoma. Mwandiko wangu.

Sijalala vizuri. Si kwa aibu tu, ingawa nayo ipo. Ni kwamba ratiba ile ilinionyesha tunavyofundisha siku zote. Darasani tunasema leo ni somo la sukari kushuka, kisha tunawauliza utamhudumiaje mwenye sukari iliyoshuka. Kwenye mtihani wa vitendo tunaandika juu ya karatasi: mhudumie mgonjwa huyu mwenye homa ya mapafu. Mwanafunzi hajawahi hata siku moja kukutana na tatizo ambalo halijatajwa jina. Kisha tunampeleka wodini, mahali ambapo hakuna mgonjwa mwenye jina la tatizo lake kwenye paji la uso, tunashangaa anaandika 28 na kupita.

Christine Tanner, mtafiti wa uuguzi, mwaka 2006 aligawa fikra za muuguzi mbele ya mgonjwa katika sehemu nne: kugundua kwamba kuna kitu, kukitafsiri, kuchukua hatua, na kutafakari yaliyofanyika. Sisi tulikuwa tunawafanyia sehemu ya kwanza na ya pili, tunawaachia ya tatu, na ya nne tunaihubiri. Kisha tunaita hilo kufundisha kutatua matatizo. Tatizo lenyewe tulikuwa tunawagawia bure.

Ratiba imebadilishwa. Sasa inasema kitanda namba 3 na saa.

Wiki ya 4

Hii ndiyo wiki nitakayoikumbuka, nami nitaiandika kwa urefu.

Kisa kipya hakina jina. Wanafunzi wanapokea taarifa ya kubadilishana zamu kama wanavyoipokea wodini, yaani kwa haraka na imejaa mambo. Mama wa miaka 44, siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo. Usiku hakulala. Amelalamika kuhusu mto. Dripu ilitoka saa kumi ikarudishwa. Ndugu zake wameuliza ataruhusiwa lini. Anaomba dawa ya maumivu. Katika yote hayo tumeficha kwamba mkojo wa usiku ulikuwa kidogo.

Vipimo nilivipanga kwa makusudi. Pumzi 24. Oksijeni asilimia 95 bila kusaidiwa. Presha 104 kwa 60. Mapigo 112. Joto 38.4. Anaongea vizuri, anajitambua. Ukivitazama kimojakimoja hakuna kinachopiga kelele. Kila kimoja unaweza kukitafutia udhuru: ana maumivu ndiyo maana mapigo yako juu, ametoka kwenye upasuaji ndiyo maana ana joto, labda presha yake siku zote iko chini. Sasa vijumlishe kwenye NEWS2: 2 ya pumzi, 1 ya oksijeni, 1 ya presha, 2 ya mapigo, 1 ya joto. Jumla 7. Na 7 ni kiwango cha dharura. Hakuna hata kipimo kimoja kilichofika 3, lakini mgonjwa anazama. Tulichomfichia ndani ni sepsisi, yaani mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoanza kudhuru viungo vyake wenyewe.

Kabla ya kuanza tukagundua kasoro. Kifua cha mdoli hakipandi, kwa hiyo mwanafunzi akitaka pumzi atauliza "ngapi?" nasi tutajibu "24". Yaani tunamrudishia ile ratiba ya mlangoni kwa njia ya nyuma. Mwenzangu akajitolea kulala kitandani yeye mwenyewe. Si jambo geni, maana tangu miaka ya 1960 daktari Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wazima wenye afya kuigiza wagonjwa mbele ya wanafunzi wa udaktari. Lakini hatukufikiria jambo moja: kupumua mara 24 kwa dakika, kwa bidii, kwa robo saa, ukiwa mzima. Dakika ya saba mwenzangu akaanza kusikia ganzi vidoleni na kizunguzungu, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi ilikuwa imemshuka mwilini. Wanafunzi wakadhani ni sehemu ya kisa. Ilibidi nitoke nyuma ya pazia kusimamisha kila kitu, na mgonjwa wetu akakaa kitandani akicheka na kushika ukingo.

Suluhisho tumelipata kwa vitu tulivyonavyo. Mfuko wa mpira chini ya gauni la mdoli, bomba refu, na ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono wa kumpulizia mgonjwa pumzi. Mtu mmoja analala chini ya kitanda anabonyeza kila baada ya sekunde mbili na nusu. Kifua kinapanda. Hakipandi vizuri, kinapanda kama shuka lenye paka ndani, lakini kinahesabika.

Sasa kundi la pili. Nawasikia kupitia pazia. Mgonjwa, yaani mimi, nasema, "Jamani tumbo linauma, niongezeeni dawa." Wawili wanakimbilia karatasi ya dawa, wanabishana ya mwisho ilitolewa saa ngapi. Wa tatu ananishika mkono wa plastiki, "Pole mama, pole, inakuja sasa hivi." Dawa inatayarishwa, inakaguliwa na watu wawili, jina linasomwa, mzio unaulizwa. Kila hatua sahihi. Wangepata alama zote kwenye karatasi yetu ya zamani ya ukaguzi. Dakika ya sita inapita.

Wa nne ni yule kijana mpole. Amesimama mguuni mwa kitanda, hafanyi kitu, na kwa muda nilidhani amejificha nyuma ya wenzake kama kawaida. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Anahesabu. Akatoa kalamu, akaandika kiganjani, 2, akaangalia simu ya vipimo, akaandika 1, tena 1, tena 2. Akasita kwenye joto. Akaandika 1. Akabaki anakitazama kiganja chake kana kwamba kimemtukana.

"Jamani," akasema. Hawakumsikia. "Jamani, hiyo dawa subirini kwanza."

Mwenzangu aliye chini ya kitanda anasema alisahau kubonyeza pumzi mbili nzima.

Katika makundi 6, mawili yalijumlisha. Mengine manne yalimpa mgonjwa dawa ya maumivu, yakamfunika, yakamwambia apumzike. Nafurahi kuliko wiki iliyopita ambapo yote 6 yalipata.

Wiki ya 5

Wiki ya kujisikiliza. Nilirekodi mazungumzo ya baada ya kisa kwa ruhusa ya wanafunzi, nikakaa na saa. Katika dakika 20, mimi nilizungumza 14.

Nimerudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Na maneno yenyewe! "Kwa nini hamkuhesabu pumzi?" Hili si swali, ni kofi lililovaa alama ya kuuliza. Mwanafunzi hajibu kwamba aliwaza nini. Anajibu "samahani mwalimu". Ninatoka na samahani sita na sijui lolote kuhusu kilichokuwa kichwani mwake.

Jenny Rudolph na wenzake, watafiti wa mafunzo ya uigaji, waliandika mwaka 2006 kuhusu namna nyingine. Unasema ulichokiona kwa macho yako, unasema kwa nini kimekutia wasiwasi, kisha unauliza kwa kutaka kujua kweli. Msingi wake ni kwamba kitendo kinachoonekana cha ajabu kwangu kilikuwa na mantiki kwa aliyekifanya, na kazi yangu ni kuitafuta mantiki hiyo. Nikajaribu Alhamisi na kundi la nne, ambalo mmoja wao alipima presha mara tatu mfululizo. Nilijiandikia kwenye karatasi ili nisiteleze: "Nilikuona umepima presha mara tatu. Mimi niliingiwa na wasiwasi kwamba muda unakwenda na daktari hajaitwa. Ulikuwa unawaza nini wakati ule?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza kwenyewe ni mazoezi. Nilihesabu hadi tisa kimoyomoyo.

Akasema, "Namba zilikuwa zinashuka, 104, 98, 92, lakini mama anaongea na mimi vizuri. Nikajua mashine imeharibika. Mtu ambaye presha imeshuka hawezi kuongea vile."

Basi, hilo hapo. Miaka miwili na nusu ya masomo na msichana huyu, mmoja wa bora darasani, anaamini kwamba anayeongea hayuko hatarini. Wala si mjinga. Amejenga imani hiyo kwenye vitabu vyetu vinavyochora mgonjwa wa mshtuko, yaani aliyeshuka presha vibaya, akiwa amezirai. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili hupambana, moyo hukimbia na mishipa hujibana ili ubongo upate damu, kwamba mtu anaweza kukuuliza habari za nyumbani dakika chache kabla ya kuanguka. Ningemwambia tu "siku nyingine usipime mara tatu" angeacha kupima mara tatu. Imani yake angeondoka nayo ikiwa nzima.

Wenzake wawili wakasema nao waliamini hivyohivyo.

Tulibishana pia, mimi na mwenzangu, kama mdoli aruhusiwe kufa. Yeye anasema wodini wagonjwa hufa, tukiwadanganya tunawaandaa vibaya. Mimi nasema kwa hatua hii, mwanafunzi aliyeua mdoli kwa kosa lake hataondoka na somo la sepsisi, ataondoka na somo la kuogopa chumba hiki. Kifo kifundishwe, ila siku yake, wakiwa wameambiwa. Tumekubaliana hivyo kwa sasa, yeye kwa shingo upande.

Wiki ya 6

Kisa cha kutokwa damu baada ya kujifungua. Damu tumeitengeneza kwa maji na rangi. Kabla ya kisa nilimwaga mililita 500 zilizopimwa kwenye vitambaa na shuka, nikawauliza ni kiasi gani. Karibu wote walitaja chini ya hapo, wapo waliosema 200. Macho huiba kwenye damu, jambo linalojulikana siku nyingi, ndiyo maana tunawafundisha kupima vitambaa kwenye mizani, gramu 1 kwa takribani mililita 1, au kutumia mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa 2023, ulianzia hapohapo: damu ipimwe mapema kwa mfuko, kisha matibabu yatolewe yote kwa pamoja badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo ujaribu lingine. Kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki gramu 1 ya kupunguza kutoka damu, dripu, kumchunguza mama na kuita msaada.

Mtego wetu uko kwenye kuchunguza. Chanzo kikubwa cha kutokwa damu ni mji wa mimba uliolegea, kila mwanafunzi anajua, mikono inakwenda yenyewe. Sisi tuliweka mpira mgumu chini ya ngozi ya tumbo. Mji wa mimba umejikaza vizuri, damu inaendelea. Maana yake tafuta kwingine: mchaniko, mabaki ya kondo, damu isiyoganda.

Kundi la kwanza walikanda mpira ule mgumu dakika nne. Mmoja alisema kwa sauti, "Umekaza," mwenzake akajibu, "Haya, endelea." Umekaza, endelea! Niliandika maneno hayo ukutani kwenye chumba cha wakufunzi. Hawakukosea kuanza kukanda. Walikosea pale vidole vilipoleta habari mpya na kichwa kikakataa kuipokea, kwa sababu jibu lilishapatikana.

Kundi la tatu waliona mapema na wakataka kumwita daktari. Daktari ni mimi tena, kwenye simu, nimechoka, nina wagonjwa wengine. Tunawafundisha mtindo wa SBAR uliotoka kwa wanajeshi wa manowari za Marekani: hali ilivyo, historia kwa kifupi, unavyoona wewe, unachopendekeza. Dada aliyepiga simu alikwenda vizuri hatua tatu. "Daktari, mama wa kitanda namba 3 anatoka damu, tumepima mililita 700, mji wa mimba umekaza. Amejifungua nusu saa iliyopita, mtoto kilo nne. Nadhani ana mchaniko." Kisha kimya.

Nikangoja. "Enhe?"

"Basi, ndiyo hivyo, daktari."

"Haya, nimesikia." Nikakata simu, ukatili kidogo.

Kwenye mazungumzo akasema hatua ya nne alikuwa nayo kinywani. Alitaka kusema njoo sasa hivi. "Lakini mimi ni mwanafunzi, nitamwamrishaje daktari?" Wenzake wote wakatikisa kichwa kukubaliana. Kwa hiyo tulitumia nusu saa kwenye sentensi moja tu, tukiisema kwa zamu mpaka iache kuonekana kama amri: "Daktari, naomba uje umwone sasa, na kabla hujafika naomba kujua kama tuandae damu." Wengine waliisema wakiinamisha macho mbele ya simu. Nimekuwa nikidhani kutatua tatizo ni kazi ya kichwa tu. Sentensi hii waliijua wote, kilichokosekana ni ruhusa ya kuitamka, na kwa uaminifu ni sisi wakufunzi tuliowanyima, maana wodini tukiwaona wanazungumza na daktari tunawaita wajuaji.

Wiki ya 7

Mitihani. Hakuna vipindi. Ambu imepasuka.

Wiki ya 8

Wakubwa wanataka matokeo. Tunatumia jedwali la Kathie Lasater la mwaka 2007, linalofuata sehemu nne za Tanner, vipengele 11, kila kimoja ngazi nne kuanzia anayeanza hadi wa mfano. Mimi na mwenzangu tulimpima mwanafunzi mmoja kwenye video ileile, mimi nikampa ngazi ya tatu kwenye kugundua, yeye ya kwanza. Tukagundua mimi nilikuwa napima alichokiona na yeye anapima alichosema kwa sauti. Tumeanza upya, kwa kukubaliana kwanza nini kinahesabika. Kwa hiyo sina namba za kuonyesha, na hata ningekuwa nazo, watu 24 wasio na kundi la kulinganishwa nalo hawathibitishi kitu.

Kuna mmoja kikaoni aliyeleta utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, ule wa baraza la bodi za uuguzi uliohusisha vyuo 10, ambao uliona kwamba hata nusu ya saa za wodini zikibadilishwa kuwa uigaji, wahitimu hawakutofautiana na wenzao. Akauliza, basi si tupunguze saa za wodini? Utafiti ni mzuri na nimeusoma. Lakini wale walikuwa na wakufunzi waliofundishwa kazi hiyo, na mazungumzo ya baada ya kisa yaliyoendeshwa kwa utaratibu mmoja kila mahali. Sisi tuna mdoli mmoja, ambu iliyopasuka, na mkufunzi ambaye wiki tatu zilizopita alikuwa anazungumza dakika 14 kati ya 20. Nilisema hivyohivyo. Swali limeahirishwa.

Jambo lililonishughulisha zaidi wiki hii limetoka kwa wanafunzi. Wameshatuzoea. Wanaingia chumbani macho yamewatoka, wanafunua shuka kabla ya kusalimia, wanahesabu pumzi mara mbili, wanatafuta damu chini ya godoro. Wanajua kitanda namba 3 lazima kina jambo. Yaani ratiba imerudi mlangoni, safari hii bila maandishi.

Nikaandika kisa kingine usiku. Baba wa miaka 50, amelazwa kwa ajili ya upasuaji mdogo wa kesho. Pumzi 16, oksijeni 98, presha 126 kwa 78, mapigo 74, joto 36.8. Anaomba maji na anauliza saa ngapi. Hana tatizo lolote.

Kundi la kwanza walimaliza dakika 15 zote. Walimpima sukari mara mbili. Walimuuliza kama kifua kinauma, kichwa, mgongo, kama amewahi kuanguka. Mmoja alikuwa tayari na simu mkononi, anafanya mazoezi ya ile sentensi. Maji hakuna aliyempa. Tulipokaa, yule dada wa simu aliuliza kabla sijafungua mdomo: "Mwalimu, tumekosa nini?"

Nikawaambia nilichokiona, na kwamba mzee aliomba maji mara tatu. Kisha nikauliza walikuwa wanawaza nini, nikanyamaza.

Makundi matano bado. Nimewaomba hao wa kwanza wasitoboe siri, ingawa najua jioni hii watakuwa wameshatoboa. Jumatatu naandaa visa viwili, kimoja chenye tatizo na kimoja kisicho nalo, na kitakachotumika nitakichagua kwa kurusha sarafu nikiwa tayari nyuma ya pazia.